Keki ya mfalme yenye mjazo: anza na cha ndani

Tangu tarehe 6 Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana, mpaka Jumanne ya Mardi Gras inayotangulia Jumatano ya Majivu, ukiingia ofisi za New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana huko Marekani, utaikuta mezani, imeliwa nusu, kisu kimeachwa humo humo kwenye boksi. Keki ya mfalme. Wanaiita keki lakini ni mkate wa hamira, laini, wa maziwa, mayai na siagi, uliofungwa duara lenye uwazi katikati, ukamwagiwa aisingi nyeupe na kunyunyiziwa sukari ya rangi tatu: zambarau, kijani na dhahabu. Ndani kimefichwa kijidoli cha plastiki cha mtoto mchanga. Atakayekikuta kwenye kipande chake ndiye mwenye zamu ya kuleta keki inayofuata. Kwa utaratibu huo, ofisi ikishaanza haiachi mpaka Kwaresima iingie.

Zipo za mdalasini tu, na zipo zilizojazwa: krimu chizi, yaani ile jibini laini ya kupaka, au pikani, kokwa za Marekani zinazofanana na jozi, pamoja na sukari ya kahawia, au stroberi. Ya mdalasini sina haja ya kukueleza sana, aliyezoea kuumua unga wa maandazi anaiweza. Ya mjazo ndiyo inayowaliza watu. Inapasuka ubavuni, jibini inachuruzika na kuungua kwenye sinia, na ukikata unakuta upande wa chini unga mbichi unaonata kwenye kisu. Mimi huzioka kila msimu tangu tuhamie Louisiana, na Waswahili wenzangu wa huku hunipigia simu usiku, mkate uko ovenini, wanauliza wamekosea wapi kwenye unga. Mara nyingi unga hauna kosa. Mjazo una maji mengi, tena umewekwa mwingi kupita kiasi.

Kwa hiyo anza na mjazo, tena uutengeneze mapema upoe kabisa. Kwa keki moja kubwa nachukua krimu chizi gramu 225, sukari ya unga gramu 60, kiini cha yai kimoja, kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano, vanila kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Nunua ile ya kipande kigumu iliyofungwa kwenye karatasi. Ya kopo ni laini zaidi na ikiona moto inalainika mpaka inakuwa mchuzi. Kiini na unga ndivyo vinavyoishika, kwa sababu sukari ikiyeyuka huvuta maji na jibini peke yake haina nguvu ya kuyazuia. Changanya kwa mwiko mpaka mabonge yaishe, basi. Ukiipiga kwa mashine ikajaa hewa, itavimba ovenini, kisha itanywea na kukuachia pango ndani ya mkate. Iweke kwenye friji saa moja au mbili. Ukiichota kijiko na kukigeuza, isianguke.

Ukitaka matunda, usiweke mabichi hata kidogo. Stroberi zichemshe na sukari na ndimu mpaka uburute mwiko chini ya sufuria na njia yake ibaki wazi kabla rojo halijarudi. Kama linarudi mara moja, endelea kuchemsha. Pikani zikaange kavu kwanza, uzikatekate, uzichanganye na sukari ya kahawia na siagi. Huo ndio mjazo mwepesi kuliko yote na kwa anayeanza ningemshauri aanze nao, ila nyumbani kwangu watoto wanataka jibini, na sina la kufanya.

Sasa unga. Gramu 500 za unga wa ngano wenye nguvu, ule wa mikate. Maziwa mililita 200 ya uvuguvugu, yale ambayo kidole kinakaa ndani bila kushtuka. Mayai mawili, sukari gramu 80, siagi laini gramu 100, hamira ya chenga gramu 10, chumvi kijiko kimoja cha chai, kungumanga ya kukwaruza na ganda la limau. Kungumanga na limau ni vya hapa, utavionja kwenye keki nyingi za mji huu. Mimi naongeza iliki, kijiko cha chai kilichojaa, niliyotwanga mwenyewe. Wapo watakaokwambia hiyo si keki ya mfalme tena. Usiwasikilize. Mojawapo ya keki zinazopiganiwa zaidi New Orleans ni ya Dong Phuong, duka la mikate la familia ya Kivietinamu lililoko mashariki ya mji. Hao waliacha aisingi ya sukari tupu wakapaka ya krimu chizi, na unga wao una mkono wao wenyewe. Mwaka 2018 duka hilo lilipewa tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya mapishi Marekani. Keki yenyewe ililetwa na watu wa Ulaya: Ufaransa kaskazini wanaoka mkate wa matabaka wenye lozi ndani, kusini wanaoka duara la mkate lenye matunda ya sukari, na Wahispania wana duara lao. Kila aliyefika hapa ametia chake. Sioni kwa nini iliki isimame nje.

Kanda vyote isipokuwa siagi mpaka unga ushikane, ndipo uingize siagi kidogo kidogo. Hapa nawaomba Waswahili wenzangu mnisikie vizuri. Unga huu utakunatia mikononi, na mkono uliozoea chapati utataka kuongeza unga mkavu. Usiongeze. Endelea kukanda, kama dakika 12, na utaona unaanza kuachana na bakuli wenyewe. Vuta kipande kidogo kati ya vidole: kikitanuka mpaka mwanga unapita bila kuchanika, umefika. Ukiongeza unga utapata mkate mgumu, na mkate mgumu hauwezi kuinuka ukiwa umebeba jibini tumboni.

Uumue saa moja na nusu au mbili jikoni. Januari kuna baridi hata New Orleans, na unga wenye siagi na sukari huumuka polepole, kwa hiyo tazama unga na uachane na saa. Mimi lakini sifanyi hivyo. Nauacha uumuke nusu, naukandamiza, naufunika na kuulaza kwenye friji usiku kucha. Siagi iliyoganda inaufanya usukumike kwa urahisi, haurudi nyuma, na mjazo baridi juu ya unga baridi haukimbii.

Asubuhi nyunyiza unga kidogo mezani, usukume uwe pande la sentimita 60 kwa 25. Paka siagi laini gramu 50 iliyochanganywa na sukari ya kahawia gramu 80 na kijiko kikubwa cha mdalasini, ila ukingo mmoja mrefu uache mtupu kama upana wa vidole viwili. Krimu chizi usiipake kote. Ipange mstari mmoja, karibu na ukingo ulio mbele yako, unene wa kidole gumba, na uache mwanya pande zote mbili za mwisho. Ukiitazama utaona ni kidogo sana na mkono utakuwasha kuongeza. Uzuie. Kunja juu ya mstari huo, bana kidogo, kisha viringisha mpaka ukingo mtupu, ulioupaka maji kwa kidole. Binya mshono wote, kipande kwa kipande, kama unavyofunga sambusa ambayo unajua itaingia kwenye mafuta. Mshono ulale chini.

Kufunga duara ndiko kunakoshinda wengi. Usigonganishe ncha mbili na kuomba Mungu. Fungua ncha moja kama mdomo, ingiza ya pili ndani yake, halafu vuta unga wa nje uizunguke na ubinye. Weka kibakuli cha kioo kinachostahimili moto katikati, kilichopakwa siagi kwa nje, ili tundu lisizibe mkate ukivimba. Kusuka kama nywele ni kuzuri kwa ile ya mdalasini. Kwa ya jibini, kila pindo la msuko ni nafasi ya kupasuka, na sijaona faida yake.

Acha iumuke tena, dakika 45 hadi saa moja, mpaka ukiibonyeza kidole alama inarudi taratibu. Kabla ya kuiingiza ovenini chukua kijiti cha mishikaki uichome juu mahali sita au saba, mpaka kwenye mjazo. Mvuke utapitia hapo usije ukatafuta njia ubavuni. Paka yai. Oveni iwe nyuzi joto 175 za Selsiasi, reli ya katikati, dakika 28 hadi 35. Rangi itakudanganya kwa sababu sukari na yai hufanya mkate upate wekundu mapema. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, kichome kwenye mkate wenyewe na si kwenye jibini: nyuzi 88 na kuendelea, toa. Ikianza kuwa nyeusi juu kabla ya hapo, ifunike kwa karatasi ya foili.

Usiiguse mpaka ipoe kabisa. Jibini ikiwa ya moto ni uji, ukikata sasa itamwagika. Tena aisingi juu ya mkate wa moto huyeyuka ikateremka yote kwenye sinia.

Aisingi: sukari ya unga gramu 200, maziwa vijiko vikubwa viwili, matone ya limau. Iwe nzito, ishuke kwa uvivu. Sukari ya rangi itengeneze siku moja kabla: tia sukari ya kawaida kwenye chupa, rangi ya chakula ya jeli tone dogo, funga, tikisa sana, imwage kwenye sahani ikauke. Zambarau nunua iliyo tayari. Ukichanganya nyekundu na bluu mwenyewe mara nyingi utapata kijivu cha majivu, na majivu siku yake bado. Inyunyize mara tu unapomwaga aisingi, sehemu kwa sehemu, maana ikishakauka juu haishiki. Rangi hizi ni za Rex, chama cha maandamano ya karnivali, yaani sherehe za msimu huu, kilichoanza mwaka 1872, na maana zake zilitangazwa kwenye maandamano yake ya 1892: zambarau haki, kijani imani, dhahabu nguvu. Ukikosea mpangilio hakuna atakayekushtaki, ila ukikosa rangi moja watakuuliza.

Wifi yangu wa Tanga, siku aliyoniona kwa simu ya video nikipachika kidoli, aliguna. "Wifi, mtoto wa watu akikimeza je?"

Amesema kweli. Kidoli cha plastiki hakiokwi, kitayeyuka. Kinapachikwa baada ya mkate kupoa, kwa chini, kwenye kitundu ulichotoboa kwa kisu, na kila mlaji aambiwe kabla hajashika kipande. Maduka mengi ya huku siku hizi hukiweka pembeni ya boksi, mnunuzi akipachike mwenyewe. Wakiwepo watoto wadogo mimi sikitumii kabisa, naweka alama chini ya sahani moja ya karatasi na anayeipata ndiye mfalme. Kwa watu wazima korosho nzima inafaa sana. Haina ugeni wowote, kwani kidoli ni cha juzi tu: zamani walificha haragwe au pikani, na kundi la Twelfth Night Revelers, lililoanza 1870, lilitumia haragwe la dhahabu kumpata malkia wa dansi yao. Kwa mwenye mzio wa karanga na korosho, rudi kwenye alama ya sahani.

Keki ya jibini isikae mezani zaidi ya saa mbili, irudi kwenye friji. Kipande cha jana kikiwa kigumu, kipitishe kwenye maikrowevu sekunde 10 au 15. Kama mnasafirisha kwenda kwenye maandamano, msimwage aisingi nyumbani. Bebeni kwenye chupa, mmwagie huko huko, hata kwenye boneti ya gari, wengi tu hufanya hivyo.

Na pangeni mapema, kwa sababu tarehe inahama pamoja na Pasaka. Mwaka 2027 Mardi Gras ni tarehe 9 Februari, kwa hiyo msimu ni wiki tano tu. Mwenye kazi ya mchana aoke mbili wikiendi moja: ya pili aifungie kwenye friza bila aisingi, imezungushiwa nailoni mara mbili, na aitoe usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka, iyeyuke ndani ya friji. Inatoka nzuri kabisa, na aisingi mbichi ya asubuhi hiyo inaficha kila kitu.