Maswali yenu: waliowapinga Wajerumani huku Kusini

Mwanangu kafundishwa kwamba Maji Maji ilianza kwa sababu watu waliamini dawa. Ni kweli? (Mzazi, Liwale)

Dawa, ile iliyosemekana hugeuza risasi kuwa maji, iliwaunganisha watu, lakini kilichowachosha ni pamba. Mwambie hivyo. Kodi ya kichwa na ya nyumba ilishawabana, kisha Gavana Götzen akaleta mashamba ya pamba ya pamoja. Mtu analima siku 28 kwa mwaka, akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, kasimama na kiboko, huku shamba lake mwenyewe likiota magugu. Msimu ukiisha anapewa senti 35, na wengine walizikataa. Ndiyo maana Julai 1905, pale Nandete kwenye milima ya Umatumbi, walianza kwa kung'oa mipamba.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akigawa dawa tangu 1904: maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama. Mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa kuwaweka Wamatumbi, Wangindo na Wamwera upande mmoja. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikaendelea bila yeye hadi 1907.

Walikufa wangapi? (Nachingwea)

Wajerumani waliandika 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, na hapo nasimama naye, kwa kuwa wengi hawakuuawa kwa risasi. Vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mazao yakateketezwa shambani. Njaa ndiyo iliyoua, na inaniuma kwamba mara nyingi tunawahesabu waliobeba silaha tu.

Mbona watu wa Mtwara hatutajwi? (Tandahimba)

Mna haki ya kulalamika, maana mna Machemba. Mwaka 1890 chifu huyo wa Wayao, mwenye ngome Luagala kwenye uwanda wa Makonde, aliitwa na Wissmann, kamishna wa Wajerumani. Akamjibu kwa barua ya Kiswahili: kama ni urafiki, yuko tayari, kama ni vita, yuko tayari pia, ila kuwa chini yake, hapana, kwani wote wawili wameumbwa na Mungu yuleyule. Alishikilia msimamo huo miaka mingi, mpaka 1899 alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Barua ile ingefaa isomwe katika kila darasa la mkoa wenu.

Mwembe Kinyonga uko wapi? (Kilwa Masoko)

Kilwa Kivinje, hapo jirani yenu. Hassan bin Omari Makunganya, naye aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa pale mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Ukifika, muulize mtu yeyote atakuonesha.