Vifaa Vingi, Sauti Nyembamba: Tupunguze Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na binamu yangu tunarekodi nyimbo nyumbani kwetu Nyegezi, mimi nikipiga gitaa lisilo la umeme naye akipiga litungu, ala ya asili ya nyuzi. Tumekusanya maikrofoni nne, mikisa ya kuchanganyia sauti, kadi ya sauti inayoziunganisha na kompyuta, na kompyuta ya mezani, lakini kufunga nyaya hutumalizia jioni, mvumo wa umeme hauishi, na ala zetu hutoka na sauti nyembamba. Tuanzie wapi kupunguza?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, bakizeni maikrofoni moja, kadi ya sauti na kompyuta. Mikisa iondoeni, kwa kuwa kadi ya sauti ina kikuza sauti chake, na kupitisha sauti katika vyote viwili huongeza mvumo bila faida.

Wembamba mnaoulalamikia huenda unatokana na wingi wenyewe wa maikrofoni. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo maikrofoni iliyo mbali na gitaa kwa sentimita 34 zaidi ya mwenzake huipokea sauti ileile ikiwa imechelewa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mnapozichanganya, baadhi ya mawimbi, yakiwemo ya hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), hukinzana na kufutana. Hakuna kitufe kinachorudisha kilichofutika. Maikrofoni moja haina wa kukinzana naye.

Ikiwa mnayo ya aina ya kondensa, yaani inayohitaji umeme ili ifanye kazi, chagueni hiyo, na mkumbuke kuwasha umeme wa volti 48 kwenye kadi. Ketini mkiielekea nyote wawili, kisha pangeni uwiano kwa kusogeza viti: litungu likizidi nguvu kwenye nyuzi nene, binamu yako arudi nyuma hatua moja. Anayeimba awe karibu zaidi. Gitaa liielekee maikrofoni kwa pale shingo inapoungana na mwili, wala si kwa tundu, ambako besi huvuma kupita kiasi. Jaribuni kwa kurekodi vipande vifupi na kuvisikiliza kabla ya wimbo kamili. Kazi hii ndiyo inayostahili muda mliokuwa mkiupoteza kwenye nyaya.

Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na nguo kinafaa kuliko sebule yenye kuta tupu. Mvua ikipiga bati, subirini ikatike.

Kuhusu mvumo, umeme wetu ni wa hezi 50, na mara nyingi sauti hiyo huingia kupitia chaja na nyaya za ardhi. Azimeni kompyuta mpakato, irekodi ikitumia betri, huku kadi ikipata nguvu kwa waya wa USB. Mvumo ukitoweka, kompyuta ya namna hiyo ndiyo ningeshauri mtumie fedha kuinunua, tena si kitu kingine. Katika mipangilio ya kurekodi chagueni biti 24, kiwango kinachohifadhi sauti kwa undani, na vilele vya sauti vibaki karibu desibeli 12 chini ya kikomo ambapo sauti huanza kukwaruza.

Ni kweli kwamba kwa njia hii hamtaweza kuongeza litungu peke yake baadaye. Likikosewa, wimbo unarudiwa wote. Kwa ala mbili zinazoitikiana kama zenu, naona hasara hiyo inavumilika kabisa. Maikrofoni nyingine msiziuze kwanza, maana moja itawafaa siku mtakapotaka kuongeza sauti ya mwimbaji juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa.