The Rock, Zanzibar: kwa miguu au kwa boti?

Ndiyo, mgahawa wa The Rock ulioko Michamvi Pingwe, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, unafikika kwa miguu, lakini ni wakati wa maji kupwa tu. Yakijaa, jabali ambalo mgahawa umejengwa juu yake huzungukwa na bahari na mgeni huvushwa kwa boti ndogo. Nayajua haya kwa kuwa kazi yangu hapa Moshi ni kuwapangia safari ya Zanzibar wageni wanaoshuka Mlima Kilimanjaro. Kati ya kupwa na kujaa hupita takriban saa 6, hivyo anayekaa mezani kwa muda mrefu anaweza kuingia akitembea mchangani na kutoka kwa boti. Saa za kupwa husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa aliyokutajia rafiki aliyekwenda wiki iliyopita huenda sasa ikawa ya maji kujaa. Tazama jedwali la maji la tarehe yako kabla ya kuweka nafasi, na uvae viatu vyenye soli ngumu, maana matumbawe yana ncha kali.

Ukiweza kuchagua, nakusihi uende maji yakiwa yamekupwa. Ndio wakati ambao wanawake wa vijiji vya upande huo hupita miambani na vijiti wakitafuta pweza, na pweza aliyepikwa polepole hadi akalainika, kisha akamaliziwa kwa tui zito la nazi, ndicho chakula ambacho ningependa kila mgeni akionje kabla hajaagiza tambi.