Mhadhara wa Wazi Chuoni, Ni wa Nani?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni fundi cherehani na kibanda changu kiko karibu na geti la chuo kikuu. Kila mara hubandikwa hapo tangazo la mhadhara au hafla, na chini yake huandikwa kwamba hakuna kiingilio na watu wote wanakaribishwa. Juzi lilikuwa la mhadhara kuhusu usingizi na afya, jambo linalonigusa kwa sababu hushona hadi usiku wa manane. Lakini nilipofika mlangoni mwa ukumbi nikawaona vijana na mabegi yao, niligeuka nikarudi, kwa kuwa masomo yangu yaliishia sekondari. Je, maneno "watu wote" yananihusu na mimi, au huandikwa kwa adabu tu?

JIBU: Yanakuhusu, ndugu yangu, na wewe ndiwe hasa uliyeandikiwa. Wanafunzi wana vipindi vyao, na wanataaluma wana semina za idara ambamo kila mmoja huzungumza kwa lugha ya fani yake. Chuo kinapotangaza mhadhara wa umma, kinakuwa kimemtaka mzungumzaji aeleze utafiti wake kwa namna itakayoeleweka na mtu asiyeusomea. Ukitoka pale hukuambulia kitu, aliyeshindwa ni yeye, si wewe.

Desturi hii ni kongwe. Jijini Paris, Collège de France, iliyoanzishwa mwaka 1530, hufundisha bila kutoza ada wala kutoa shahada, na yeyote anaweza kuingia kusikiliza. Jijini London, Gresham College ilianza mihadhara yake ya bure mwaka 1597 kwa wosia wa mfanyabiashara Thomas Gresham, na hadi leo inaitoa. Lakini ninayetaka umkumbuke utakaposimama tena mlangoni ni Michael Faraday, ambaye hakusoma chuo kikuu chochote. Alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu pale mteja mmoja, mwaka 1812, alipompa tiketi za kwenda kumsikiliza mkemia Humphry Davy katika Royal Institution. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayanakili upya kwa mwandiko safi pamoja na michoro, akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akampelekea Davy. Mwaka uliofuata Davy alimwajiri kuwa msaidizi wa maabara, na mwaka 1831 Faraday akagundua jinsi sumaku inayosogezwa ndani ya koili ya waya inavyozalisha umeme. Jenereta za leo hufanya kazi kwa msingi huohuo. Sikuahidi makubwa kama hayo. Nasema tu kwamba mkono uliozoea gundi na uzi ulistahili kushika kalamu katika ukumbi ule, na wako uliozoea sindano unastahili vilevile.

Soma tangazo hadi mwisho. Palipoandikwa kwamba ujiandikishe, jiandikishe, kwa sababu mara nyingi wanahesabu viti tu. Beba kitambulisho kwa ajili ya mlinzi wa getini, na ufike robo saa kabla.

Wakati wa maswali ukifika, uliza. Niliwahi kuhudhuria mhadhara kuhusu mmomonyoko wa udongo, na mama mmoja wa safu ya nyuma, kikapu chake kikiwa magotini, akauliza kwa nini matuta yake hubomoka upande mmoja tu kila mvua inaponyesha. Profesa aliziacha slaidi zake, akashuka jukwaani, akamwomba amchoree shamba lake nyuma ya karatasi ya ratiba, na muda wote uliobaki tukawa tunajadili mchoro ule. Vilevile usikimbie mazungumzo yanayofuata nje ya ukumbi, kwa kuwa hapo ndipo mtu hupata nafasi ya kuuliza lile aliloshindwa kulisema mbele ya kipaza sauti.

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha wanafunzi. Tunaandaa midahalo na jioni za mashairi bila kiingilio, lakini wanaokuja ni sisi kwa sisi. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwanangu, lisome tangazo lenu kana kwamba hujawahi kukanyaga chuoni. Mkiandika namba ya chumba peke yake, mgeni atapotelea kwenye korido. Mwelekezeni kuanzia getini, jengo hadi jengo. Mkiweka mdahalo saa nane mchana siku ya kazi, mmemfungia nje kila mwenye ajira. Kichwa cha mada nacho kiandikeni kama swali ambalo mtu angeuliza nyumbani kwake, si kama anwani ya tasnifu. Halafu mchagueni mmoja wenu asimame mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi yake iwe moja tu, yaani kumwendea kila anayesitasita na kumwambia, "Karibu, viti viko huku."