Ukiandaa mbio za hisani msituni, anza na anayetembea nyuma

Kila Septemba tunaandaa mbio na matembezi ya hisani katika Msitu wa Karura, Nairobi, na kila mwaka hunipigia simu watu wanaotaka kufanya hivyo katika msitu au bustani ya kwao. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya medali. Mimi huwauliza: mtu wa mwisho atamaliza saa ngapi, na atakuwa na nani?

Anayekimbia kilomita kumi kwa dakika arobaini hana shida na mwandalizi. Wanaojaza uwanja ni wanaotembea: akina mama wa kanisa, wafanyakazi wa ofisi moja, wazazi na watoto wao, wazee. Hao ndio walipaji ada, ndio wanaowaleta majirani, ndio wanaorudi mwakani. Kwa hiyo njia, maji, muda na wahudumu hupangwa kwa kuwafikiria wao kwanza.

Tarehe tuliichagua kwa sababu mbili. Udongo wa Karura ni mwekundu na ukilowa huteleza vibaya, hivyo Aprili, Mei na Novemba hatuzigusi. Tena tarehe 25 Septemba ndiyo siku aliyofariki Wangari Maathai, mtetezi wa misitu, mwaka 2011. Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda mti hapa, wakati sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu wajenge. Tunalieleza hilo kabla ya kipenga, kwa dakika chache tu. Na kwenu pia ipo habari ya jinsi msitu ulivyonusurika. Itafute uisimulie, maana watu huutunza zaidi msitu wakijua uliponea wapi.

Ruhusa zianze miezi sita kabla. Sisi huongea na KFS, shirika la serikali la misitu Kenya, pamoja na jumuiya ya msitu, Friends of Karura Forest, na tunaandikiana kila kitu: vijia vitakavyotumika, maegesho, idadi ya juu ya watu, na kama tiketi ya langoni imo ndani ya ada ya kujiandikisha. Hilo la tiketi lisibaki la mdomo. Nimehudhuria mbio kwingine ambako familia nzima zilizuiwa langoni alfajiri, kila upande ukidai mwenzake ndiye alipaswa kulipa. Na idadi ikishatajwa na wenye msitu, usibembeleze iongezwe, hata mfadhili akikusukuma. Wao wanajua kijia kinabeba miguu mingapi kabla mizizi haijaanza kubaki wazi.

Njia yenyewe itembee kwa miguu yako, kwa mwendo wa mtu mzee, ukiwa na saa mkononi. Wakimbiaji waondoke saa moja asubuhi, watembeaji nusu saa baadaye, na mizunguko yao isikutane mahali pembamba. Kijia cha kushukia kwenye maporomoko ya maji, kwa mfano, tumewaachia watembeaji peke yao. Mwaka mmoja nilisimama pale nikamwona bibi mmoja anashuka upande upande, kashika bega la mjukuu, na kijana wetu anamtangulia kinyumenyume huku akimwambia, “Pole pole shosho, hakuna haraka, tuko nawe.” Ungepitisha wakimbiaji hapo, bibi yule angelazimika kujibanza kwenye ukingo kila dakika.

Karura ina bahati ya nguzo zenye namba kwenye njia panda. Kila mhudumu anaijua namba ya nguzo yake, na mtu akianguka hasemi “karibu na mti mkubwa”, anataja namba. Msitu wako ukikosa nguzo, funga vibao vya muda. Redio za mkononi ni muhimu kwa sababu mtandao wa simu hupotea mabondeni. Ambulensi isimame pale gari linapoweza kutoka bila kurudi nyuma, wala si mbele ya jukwaa kwa ajili ya picha. Nyuma ya watu wote watembee wahudumu wawili, mmoja awe na mafunzo ya huduma ya kwanza. Namba za kifuani zihesabiwe kwenda na kurudi. Uwanja haufungwi mpaka hesabu zilingane.

Maji tunayaweka kwenye madumu yenye bomba, na kila mtu anakuja na chupa yake. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya, kwa hiyo waambie mapema, na uwakumbushe kwa ujumbe wa simu siku moja kabla.

Sasa fedha, na hapa ndipo mbio nyingi hufa mwaka wa pili. Gharama za siku yenyewe, yaani mahema, vipaza sauti, medali na ambulensi, tafutia wafadhili. Ada ya watu iende msituni yote. Na usitangaze kwamba ni “kwa ajili ya mazingira”, taja kitu. Buti na makoti ya mvua ya askari wa msitu. Miche ya miti ya asili mahali ilipokatwa mikaratusi. Ukuta wa uzio uliochakaa. Jumuiya ya msitu ndiyo iseme inachohitaji. Kisha ndani ya mwezi mmoja watumie wote walioshiriki ukurasa mmoja: tulikusanya hiki, tulinunua hiki, risiti hii hapa, picha hii hapa. Mama aliyelipia watoto watatu akiona askari amevaa lile koti, mwakani hutahitaji kumshawishi.

Mchana huohuo wa mbio rudisheni kila utepe mliofunga kuonyesha njia. Tumieni utepe wa kitambaa chekundu, na anayeufunga aandike idadi, ili anayekusanya ajue kama umebaki hata mmoja. Nyani na tumbili hawana jinsi ya kujua kwamba si wa kutafuna. Na Jumatatu asubuhi nenda ukaombe tarehe ya mwakani, kabla shule na makampuni hayajakuwahi.