Ndevu za Buluu: anza na ufunguo, mzimu uache

Mkuu, umeuliza namna ya kuichukua ngano ya zamani na kuifanya hadithi ya kutisha ya leo, yenye jumba kubwa na siri zake, bila kuishia kumwaga damu tu. Nimehangaika na jambo hilohilo miaka miwili, kwa ngano ya Ndevu za Buluu iliyochapishwa na mwandishi Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697. Kwa asiyeijua: tajiri anaoa, anasafiri, anamwachia mke funguo zote ila anamkataza chumba kimoja. Mke anakifungua, anakuta maiti za wake waliomtangulia, na ufunguo unabaki na doa la damu lisilofutika linalomfichua kwa mumewe.

Kosa langu lilikuwa kuongeza. Niliweka mzimu, nikaweka radi, nikaweka sauti za kilio darini. Rasimu ikajaa vitisho na haikumtisha mtu. Nikairudia ngano yenyewe, nikasoma polepole pale mke anapoingia. Mwanzoni haoni kitu, madirisha yamefungwa. Baada ya muda anaanza kuona sakafu imetapakaa damu iliyoganda, na humo, kama kwenye kioo, miili iliyotundikwa kuzunguka kuta. Yaani anawaona kwanza miguuni pake! Sentensi chache tu, lakini msomaji anaingizwa gizani pamoja naye na kusubiri macho yazoee. Sijaona mzimu unaoweza kufanya hivyo.

Kuhusu usasa, ufunguo niliubadilisha nikaweka kufuli la kielektroniki linaloandika saa ya kila anayefungua. Nilijua nimepatia: doa lisilofutika limekuwa ujumbe kwenye simu ya mume. Kumbe nimeiondoa mikono ya yule mwanamke. Kwenye ngano ufunguo una uchawi; anausugua kwa mchanga, damu ikitoka upande huu inatokea upande ule. Nikaurudisha ufunguo wa chuma. Sasa mke wangu wa hadithini amesimama kwenye sinki usiku, bomba amelifungua kidogo lisisikike, ngozi ya vidole imechubuka, na pembeni simu inawaka: "Umelala?" Simu ina kazi hiyo moja tu, na inatosha.

Halafu lipo swali ambalo kila msomaji atakuuliza: kwa nini hapigi simu polisi? Usikate mtandao, hila hiyo imechakaa. Wa kwangu anampigia dada yake na wanaongea vizuri, ila kila akitaka kusema anakumbuka jinsi ukoo mzima ulivyomsifu mume siku ya harusi. Anaishia kuuliza habari za watoto.

Mwisho uguse bila woga. Kwa Perrault wanaomwokoa mke ni kaka zake, wenye panga; mwandishi Mwingereza Angela Carter alipoiandika upya mwaka 1979 akamleta mama wa mke, juu ya farasi, na bastola ya marehemu baba. Ila lile fundisho la Perrault la kulaumu udadisi wa wanawake mimi nimelitupa kabisa. Muuaji ni mume, na hadithi yako isiyumbe hapo hata mstari mmoja.

Leo usianze na sura ya kwanza. Andika ukurasa wa chumba peke yake, mlango ukiwa umeshafunguliwa, na neno damu lisitokee mpaka aya ya mwisho. Ukimaliza ulete hapa, nitausoma wote.