Mkanda Ukilia, Usikimbilie Spana

Mkanda wa mashine ukianza kulia, mafundi wengi hapa Nairobi hushika spana moja kwa moja. Wanalegeza bolti za mota, wanaivuta nyuma, wanakaza, kelele inakwisha, wanalipwa. Baada ya muda mfupi mkanda umeungua au beringi ya kinu imekufa, na mwenye mashine anaambiwa kwamba belti za siku hizi ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Lakini kwa miaka ambayo nimetengeneza vinu vya posho na mashine za kuranda mbao, kuanzia Kariobangi hadi Kawangware, nimeona kosa mara nyingi liko kwenye puli, yaani lile gurudumu lenye mfereji linalobeba mkanda. Kwa hiyo ushauri wangu: kabla hujakaza, tazama puli.

Mkanda wa V hushika kwa mbavu, si kwa tumbo. Ukiutazama ulipokatwa, mbavu zake zimeinama kwa pembe ya karibu digrii 40. Unapovutwa, unajichomeka ndani ya mfereji wa puli, na kule kubanwa kwa pande mbili kunaufanya ushike karibu mara tatu kuliko mkanda bapa wa mpira uleule uliokazwa sawasawa. Ndiyo maana tumbo la mkanda halitakiwi kugusa sakafu ya mfereji hata kidogo. Likigusa, mkanda umekuwa bapa, na utateleza hata ukiukaza mpaka shafti ipinde.

Namna ya kujua ni rahisi. Zima swichi kuu, toa mkanda, chungulia ndani ya mfereji ukiwa na tochi. Sakafu ikiwa na kutu kidogo au vumbi la unga, vizuri. Iking'aa kama sufuria mpya, puli imekwisha. Pitisha ukucha kwenye kuta zake pia: zikiwa zimelika na kubaki na bonde, usipoteze pesa kuweka mkanda mpya juu yake.

Jambo lingine liko kwa wakerezaji wetu. Wengi hukata mifereji yote kwa pembe moja, digrii 40, kwa sababu ndiyo pembe ya mkanda. Lakini mkanda ukipindwa, sehemu yake ya ndani hutanuka na pembe yake hupungua, na kadiri puli ilivyo ndogo ndivyo inavyopungua zaidi. Kwa hiyo puli ndogo hukatwa digrii 34, na kubwa hufika 38. Ukienda kukerezesha puli, mwambie mkerezaji pembe unayotaka kabla hajawasha mashine. Atakuangalia vibaya kidogo. Mwache.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Mama mmoja mwenye kinu Kawangware aliniita. "Fundi, hii belti inakula pesa kuliko mahindi," akaniambia. Kinu chake kina mota ya nguvu farasi 15, yaani kilowati 11, inayozunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Zamani kilikuwa na puli ya inchi 10 kwenye mota na ya inchi 5 kwenye kinu. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli yake, gawanya kwa kipenyo cha puli ya kinu. 1,440 mara 10, gawa kwa 5, unapata 2,880. Kuna fundi aliyepita pale akabadilisha, akaweka inchi 6 na inchi 3. Piga hesabu tena: bado ni 2,880. Unga unatoka vilevile, mwendo wa kinu haujabadilika, hivyo hakuna aliyeshuku puli.

"Mama, hizi puli ziliwekwa lini?"

"Tangu zile kubwa zipasuke. Aliniambia hizi ni sawa tu, na ni bei nafuu."

Kwa mizunguko ni sawa. Kwa mvuto, hapana. Mkanda ukifanya kazi, upande mmoja umevutika sana na wa pili umelegea, na ile tofauti kati ya pande hizo ndiyo inayozungusha kinu. Nguvu inayopita ni tofauti hiyo mara mwendo wa mkanda wenyewe. Kwa puli ya inchi 10, mkanda hukimbia kama mita 19 kwa sekunde, na kupitisha kilowati 11 kunahitaji mvuto wa newtoni 575 hivi, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 58. Kwa puli ya inchi 6 mwendo unashuka hadi mita 11 na nusu, na mvuto unapanda hadi kama newtoni 957, yaani karibu kilo 98. Mikanda ni mitatu kama mwanzo, mzigo uleule wa mahindi, lakini kila mmoja sasa unavutwa kwa theluthi mbili zaidi. Na bado haijaisha: mkanda wa saizi B, wenye upana wa milimita 17, kwa kawaida hautakiwi kuzunguka puli iliyo chini ya inchi 5 hivi. Hapa ulikuwa unakunjwa kwenye inchi 3, mara mamia kila dakika. Niligeuza mmoja ndani nje nikaona nyufa za kukingama zimejaa tumbo zima, na chini ya mashine kulikuwa na vumbi jeusi la mpira. Tulirudisha inchi 10 na 5, na mikanda mirefu zaidi, maana ile mifupi haikutosha tena.

Kukaza kuna kipimo chake. Bonyeza mkanda katikati ya puli mbili kwa kidole gumba. Kwa kila mita kati ya puli, ubonyee kama milimita 16. Mkanda mpya hujinyoosha ukianza kazi, kwa hiyo rudi siku ya pili upime tena. Kwa unyoofu, yaani kuona kama puli ziko kwenye mstari mmoja, vuta uzi kupitia nyuso za puli zote mbili: unatakiwa uguse sehemu nne.

Ukibadilisha, badilisha seti nzima. Mkanda mpya kati ya mikuukuu hubeba mzigo peke yake kwa sababu wenzake wameshanyooka. Usiuingize kwa bisibisi au mtaimbo, utakata nyuzi za ndani na hutaona. Sogeza mota mbele. Na wanaopaka sabuni ili mkanda unyamaze, kelele ile ni mkanda unaowaambia unateleza.

Madukani Kirinyaga Road, soma namba: B75 ni saizi B, takriban inchi 75 kwa ndani. Usikubali uliotundikwa juani mlangoni, mpira wake umeshakauka.

La mwisho ni kava. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mikanda na puli zizibwe, na kwenye kinu ambako watu huja na leso na mifuko yenye kamba, hilo si la kubishania. Litengeneze kwa wavu wa chuma, si bati zima, ili joto litoke na uone mkanda bila kufungua. Lifunge kwa bolti mbili tu za spana ya 13. Kava linalochukua nusu saa kufungua likishatolewa halirudishwi tena.